UKIPATA AJALI YA GARI MINNESOTA, USIKAE NYUMBANI NA MAUMIVU



Ndugu zangu mnaoishi Minnesota, leo nazungumza nanyi khasa. Kila barabara zikishika barafu maswali huwa yale yale. La kwanza: "Sheikh, nimepata ajali, mgongo unauma, lakini kosa lilikuwa langu. Nikienda hospitali nani atalipa?" La pili hufuata papo hapo: "Na hizo pesa za bima ni halali?"

Tuanze na la kwanza, maana mwenye maumivu hutangulizwa.

Wengi wetu tumekuja na hesabu ya nyumbani. Mombasa au Dar es Salaam unakata bima ndogo, na siku ya ajali bima ile inamtazama yule uliyemgonga. Wewe dereva mwenye kosa huna chako. Ndiyo maana mtu akiteleza na barafu Brooklyn Park akagonga nguzo, hurudi nyumbani kimya, anameza panadol na kuona haya hata kumwambia mkewe. Sheria ya Minnesota haiko hivyo. Tangu mwaka 1975, aliyeumia kwenye ajali ya gari hulipiwa matibabu na bima ya upande wake mwenyewe, bila kuuliza kosa ni la nani. Aliyejiumiza kwa makusudi au aliyekuwa akiendesha gari la wizi, huyo ana mambo yake. Kosa lina kazi yake kwingine, kama kwenye kulipia gari la mwenzio. Kwenye tiba yako halina kazi.

Kiwango cha chini ambacho sheria inataka ni dola 40,000 kwa kila mtu aliyeumia: 20,000 za matibabu, na 20,000 za hasara nyingine. Nimesema kila mtu. Mkiwa wanne ndani ya gari, kila mmoja ana fungu lake, hata mtoto aliyekuwa nyuma kwenye kiti chake.

Na matibabu si hospitali tu. Yamo meno, dawa, mazoezi ya viungo, gari la wagonjwa, na nauli ya kwenda na kurudi kwa daktari. Yamo pia malipo ya mkalimani, mradi asiwe mtu wa familia yako. Hapa nataka nisimame kidogo. Tuna tabia ya kumtoa mtoto shule, miaka 10 au 12, akamtafsirie mamake kwa daktari. Mama anaona haya kusema anaumia wapi, mtoto hajui "pingili za uti wa mgongo" kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza, na kinachoandikwa kwenye faili ni nusu ya maradhi. Kisha miezi 3 baadaye kampuni inasema: mbona siku ya kwanza hukusema shingo inauma? Dai mkalimani. Hiyo haki umeshailipia.

Katika zile 20,000 za pili kuna mshahara. Ukishindwa kwenda kazini, bima hulipa asilimia 85 ya kipato ulichokosa, isizidi dola 500 kwa wiki. Na mama wa nyumbani, ambaye huku watu humwambia "wewe hufanyi kazi"? Sheria hii inasema anafanya kazi. Kama shughuli yake ya kila siku ni kutunza nyumba na watoto, na sasa hawezi kuinama wala kubeba, ile kazi yake ina thamani na inalipwa, hadi dola 200 kwa wiki, kuanzia siku ya 8 baada ya ajali. Waume wengi hawalijui hili, na wengine nadhani hawataki kulijua.

Bima ipi italipa? Kwanza bima yako. Kama huna gari lakini unaishi na jamaa yako mwenye bima, ni ya jamaa huyo. Kama hakuna, ni ya gari ulilokuwemo. Uliyekuwa ukitembea kwa miguu na huna bima nyumbani, ni ya gari lililokugonga. Hospitali waambie wazi kwamba hii ni ajali ya gari, uwape namba ya madai. Usitoe kadi ya serikali peke yake ukanyamaza. Kadi ile hulipa mwisho, baada ya wengine wote, na bili zikichanganyika zitakurudia wewe.

Wapo wanaoogopa kwamba kudai kutaharibu karatasi zao za uhamiaji. Ndugu yangu, hii si sadaka ya serikali. Ni mkataba kati yako na kampuni uliyokuwa ukiilipa kila mwezi.

Ila usichelewe. Kampuni inaruhusiwa kukutaka utoe taarifa ndani ya miezi 6. Na ujue pia kwamba inaweza kukupeleka kwa daktari iliyemchagua yenyewe, naye akaandika kuwa umepona, malipo yakakatwa. Huo si mwisho. Madai yasiyozidi dola 10,000 hupelekwa kwa msuluhishi, na unaweza kushinda ukiwa na rekodi za daktari wako.

Sasa swali la pili. Wanazuoni wengi wameikataza bima ya biashara kwa sababu ya gharar iliyomo, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu liliamua hivyo Jeddah mwaka 1985, likaelekeza kwenye bima ya ushirikiano. Silipingi hilo. Lakini wewe hukuchagua. Bila bima hiyo gari lako haliruhusiwi barabarani. Rai yangu ni kwamba pesa inayolipia jeraha la kweli ni haki yako, uichukue. Wapo wanaosema usichukue zaidi ya ulichotoa. Nawaheshimu. Lakini anayefuata kauli hiyo atazame asije akamnyima tiba mkewe au mwanawe kwa uchamungu wake yeye. Na kundi zima kubeba mzigo wa ajali ya mmoja si jambo geni kwetu: katika fiqhi, diya ya aliyeua kwa bahati mbaya hubebwa na jamaa zake, na hiyo ndiyo aqila.

Uchamungu huo upeleke kwenye fomu. Kuna watu hukupigia simu siku mbili tu baada ya ajali, wanaongea lugha yako, wanakuita ndugu, wanakuahidi pesa ukienda kliniki fulani mara 3 kwa wiki hata kama huumwi. Wengine wanataka uongeze jina la abiria ambaye hakuwemo garini. Huo ni wizi, hata kama anayeibiwa ni kampuni na si jirani yako. Sheria ya Minnesota nayo inawaadhibu wanaolipwa kuwatafutia kliniki wagonjwa wa ajali. Kata simu.

Mlio majimbo mengine, msichukue hesabu hizi kama zilivyo. New York ni dola 50,000, na taarifa ni ndani ya siku 30. Florida ni 10,000 tu, na usipomwona daktari ndani ya siku 14 umepoteza. Michigan, tangu Julai 2020, mwenye gari huchagua kiwango mwenyewe, na aliyechagua cha chini ili alipe kidogo ataliona hilo siku ya ajali. Ndugu zetu wa Columbus, Ohio haina mfumo huu. Huko kosa bado linaulizwa.

Karatasi ya bima yako itoe leo baada ya Isha, uisome mstari unaotaja matibabu. Usipouelewa, mpelekee anayeuelewa kabla ya theluji nyingine kuanguka.

Wallahu aalam.