Mcheza kwao hutunzwa, chipukizi wetu watatunzwa wapi?

Naomba nafasi katika ukurasa huu wa barua za wasomaji ili nami nitoe dukuduku langu juu ya jambo linalonikera kila yanapofika majira ya usajili wa wachezaji wa Ligi Kuu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Nachingwea, na ni mpenzi wa kandanda tangu utoto. Mbali na kufundisha hesabu, nimepewa pia kazi ya kusimamia michezo shuleni. Kwa hiyo haya ninayoyasema nayasema kama mshabiki, na pia kama mlezi.

Dirisha la usajili linapofunguliwa, jioni tunakusanyika kwenye duka la kijijini kusikiliza redio. Majina yanasomwa: huyu ameihama timu yake, yule ametoka nchi za nje, mwingine ameongezewa mkataba wa miaka miwili. Hapo ndipo ubishi unapoanza, maana kila mshabiki ni kocha. Yupo mzee mmoja ambaye huchukua korosho mkononi, na kila likitajwa jina la kijana aliyezaliwa Nachingwea, Ruangwa, Liwale au Lindi, huhamishia korosho moja kwenye kiganja cha pili. Husikiliza timu zote mpaka mwisho. Sijaona hata mara moja kiganja hicho kikijaa. Siku hiyo mzee huzila korosho zake na kwenda kulala.

Ndugu Mhariri, watu wasidhani kwamba huku kwetu mpira haupo. Timu ya Namungo ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, na katika msimu wake wa kwanza ilishika nafasi ya nne nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Mwezi Julai 2020 Simba walikabidhiwa kombe lao la ubingwa katika Uwanja wa Majaliwa pale pale Ruangwa, baada ya kutoka sare bila kufungana na Namungo. Mwezi uliofuata timu hizo zilikutana tena huko Sumbawanga katika fainali ya Kombe la Shirikisho, Namungo wakafungwa mabao 2-1. Hata hivyo walipata nafasi ya kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho la Afrika, wakafika hatua ya makundi. Siku zile watu walitoka Nachingwea kwenda Ruangwa kwa pikipiki na hata kwa baiskeli, nami nikiwa mmojawapo.

Kwa hiyo uwanja upo, timu ipo na wapenzi wapo. Kinachokosekana ni njia ya kumtoa kijana kwenye uwanja wa shule, ambao milingoti yake ya goli ni mianzi, na kumfikisha kwenye uwanja ule wa Ruangwa bila ya kupotea njiani.

Najua nitajibiwa kuwa klabu si shule ya kulea watoto. Kocha anatakiwa apate pointi Jumamosi hii, na akifungwa mechi nne mfululizo anafukuzwa. Timu inayozembea inashuka daraja, kama ilivyowapata jirani zetu Ndanda wa Mtwara mwaka 2020. Jibu hilo nalikubali. Simwombi kocha wa timu yoyote amchezeshe mtoto wa kijijini kwa kumwonea huruma. Ninachouliza ni hiki: kama klabu haina muda wa kuja kumwona kijana, ni nani anayekuja?

Ndugu wasomaji, anayekuja ni dalali.

Naomba niwasimulie lililotokea mbele ya macho yangu. Mwaka 2021 nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la saba, kijana wa mguu wa kushoto, ambaye katika mashindano ya UMITASHUMTA ngazi ya wilaya kila mtu aliuliza ni mtoto wa nani. Mwezi Julai alifika kijijini mtu mmoja kwa pikipiki, akajitambulisha kuwa ni mtafuta wachezaji wa klabu kubwa ya Dar es Salaam. Alikuwa na jezi, alikuwa na picha kwenye simu, na maneno yake yalikuwa matamu. Kwa mila za huku kwetu mjomba ndiye mwenye kauli juu ya mtoto. Mjomba alikuwa ndiyo kwanza amepata fedha za ufuta wake mnadani, akatoa shilingi 180,000, nusu nauli na nusu ile iliyoitwa gharama za majaribio. Kijana akaondoka ikiwa imebaki miezi miwili afanye mtihani wa kumaliza elimu ya msingi.

Nami sijitoi katika lawama hii. Mtu yule aliniomba barua ya kumtambulisha mtoto, nikaiandika kwa mkono wangu, tena kwa fahari. Sikumwuliza karatasi hata moja inayoonyesha ametumwa na nani. Nilikwisha kujiona nikikaa dukani, jina la mwanafunzi wangu linasomwa redioni, na mzee anahamisha korosho.

Kijana alirudi baada ya Krismasi. Huko alikuwa amelazwa chumba kimoja na wenzake saba, wakicheza asubuhi kwenye kiwanja cha mchanga, na klabu iliyotajwa hakuiona hata lango lake. Alipoumia goti, simu ya mwenyeji wake haikupatikana tena. Aliona haya kurudi darasani pamoja na wadogo zake. Leo hii anapulizia salfa mikorosho ya watu. Tukikutana njiani ananiamkia kwa adabu, "Shikamoo mwalimu," nami naitikia nikiangalia chini.

Sasa, Ndugu Mhariri, nitoke kidogo nje ya mipaka yetu. Mwaka 2022 zilitoka habari kwamba vijana wawili wa Uganda wamesajiliwa na Los Angeles Dodgers, timu kubwa ya besiboli huko Marekani. Besiboli ni ule mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa gongo. Hapa nchini unachezwa katika shule chache, Azania ya Dar es Salaam ikiwa mojawapo. Habari ile ilinifanya nitafute kujua wenzetu wanawapataje wachezaji wao chipukizi, na niliyoyakuta yamenifundisha mambo mawili.

La kwanza ni zuri. Tangu mwaka 1965 Wamarekani wana siku maalumu za kuchagua chipukizi wa besiboli. Timu zote 30 za ligi kuu yao huchagua kwa zamu, raundi baada ya raundi, na majina hutangazwa hadharani. Zamu za mwanzo huelekea kwa timu zilizofanya vibaya msimu uliopita, ili mwenye nguvu asizidi kujilimbikizia peke yake. Timu ikishamchagua kijana, nyingine haziruhusiwi kumrubuni. Na lililonigusa zaidi mimi mwalimu ni kwamba kijana wa shule hachaguliwi mpaka awe amemaliza sekondari. Tena akishachaguliwa ana hiari ya kukataa na kuendelea na masomo ya chuo. Wala hawamdanganyi mtu, maana inajulikana wazi kuwa wengi wa wanaochaguliwa hawafiki kamwe kucheza ligi yenyewe kubwa.

La pili ni chungu. Utaratibu huo ni kwa vijana wa Marekani, Kanada na Puerto Rico tu. Wale Waganda hawakupitia humo, na vijana wa Jamhuri ya Dominika, nchi inayotoa wachezaji wengi sana wa mchezo huo, nao hawapitii humo. Huko kijana husajiliwa akiwa na miaka 16, na wapo madalali wanaowachukua watoto wakiwa wadogo zaidi, wakawafundisha mpira, wakawaachisha shule, na siku ya kusajiliwa wakajichukulia fungu lao. Yaani mtoto wa mwenye ligi anawekewa utaratibu unaolinda shule yake, mtoto wa mbali anaachiwa dalali.

Nilipoyasoma hayo niliwaona watoto wetu. Sisi tuna ligi yetu wenyewe, na Shirikisho la TFF ni letu wenyewe. Hakuna mgeni wa kumlaumu hapa. Iweje basi mtoto wa Nachingwea katika ligi ya Tanzania awe kama mtoto wa mbali?

Na tusiseme vipaji ni haba. Mwaka 2019 mashindano ya Afrika ya vijana wa chini ya miaka 17 yalifanyika Dar es Salaam. Serengeti Boys walifungwa mechi zao zote tatu, lakini ile ya kwanza waliifunga Nigeria mabao manne, wakalala 5-4. Vijana wanaoweza kuifunga Nigeria mabao manne hawakosi kipaji, wanakosa kuandaliwa mapema. Mbwana Samatta naye alionwa na TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011 kwa sababu alikuwa ndani ya Simba iliyocheza nao. Ni wangapi ambao hawakufika mahali pa kuonwa?

Huku Nachingwea tunalo funzo letu la zamani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakoloni walileta matrekta kwa ajili ya mradi mkubwa wa karanga, wakajenga na reli, kabla hawajaufahamu vizuri udongo na mvua za huku. Karanga zilishindikana na reli ikang'olewa. Anayemsomba mtoto wa miaka 14 kwa sababu ya mabao mawili aliyofunga mchana mmoja anafanya kosa lile lile.

Kwa hiyo natoa mapendekezo yafuatayo kwa TFF, vyama vya mpira vya mikoa na wilaya, na wizara zinazohusika:

Kwanza, baada ya mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA ngazi ya wilaya, majina ya wachezaji bora yaandikwe katika daftari moja linalotunzwa na Afisa Michezo pamoja na chama cha mpira cha wilaya. Umri uandikwe kutoka kwenye cheti cha kuzaliwa na rejesta ya shule, si ule umri wa mpira unaopungua kila mwaka.

Pili, kila mkoa uwe na siku moja kwa mwaka ya kuchagua chipukizi hadharani. Kwa Lindi siku hiyo ingeweza kufanyika Ruangwa. Klabu za mkoa zichague kwa zamu kwa ajili ya timu zao za vijana, aliyeshika mkia atangulie, na klabu za Ligi Kuu zialikwe. Redio itangaze majina hayo kama inavyotangaza ya wakubwa.

Tatu, anayechaguliwa abaki shuleni kwake mpaka amalize mtihani, akifanya mazoezi na timu wakati wa likizo. Makubaliano yatiwe saini na mzazi au mjomba, mwalimu mkuu na klabu. Mtu yeyote atakayemtoza mzazi fedha za majaribio ahesabiwe kuwa tapeli, apelekwe polisi.

Nne, shule iliyomlea mchezaji ikumbukwe. Kanuni za FIFA zinatambua fidia ya mafunzo kwa klabu zilizomlea mchezaji tangu akiwa na miaka 12. Huku vijijini aliyemlea katika umri huo ni shule, na shule si klabu. Hatudai mamilioni. Mipira kumi na nyavu za magoli zingetosha kutufanya tushangilie mwaka mzima.

Tano, sisi walimu tuache kuandika barua ovyo. Atakayekuja kijijini kwangu sasa atakuta nataka kuona barua ya klabu yenye mhuri, kitambulisho chake, na namba ya kiongozi ninayeweza kumpigia hapo hapo mbele ya mzazi. Wawili wamekwisha kuja tangu wakati ule. Mmoja aliniita adui wa maendeleo, na wote wawili waliondoka bila mtoto.

Wapo watakaosema mambo haya yanahitaji fedha nyingi. Daftari halihitaji fedha nyingi. Mashindano ya shule yapo tayari, Maafisa Michezo wapo, na klabu za Ligi Kuu zinatakiwa kuwa na timu za vijana. Nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, imepewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Litakuwa jambo la aibu kama tutajenga viwanja vya mabilioni, halafu mtoto wa Ruangwa aingie humo kwa tiketi ya kutazama tu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Vijana wetu wanacheza kwao kila jioni, miguu mitupu, mpaka giza linaingia na mpira hauonekani tena. Mwaka huu ninaye mwingine wa darasa la saba, golikipa, mrefu kuliko mimi. Mama yake amekwisha kuniuliza afanye nini na mtoto huyu. Nimemwambia asubiri mtihani kwanza. Baada ya mtihani sijui nitamwambia nini, na ndiyo sababu nimeandika barua hii.



Mwalimu Mpenda Kandanda,
Nachingwea, Lindi.