Sekunde 43 za GitHub
Sekunde 43 tu: ndivyo inavyosema ripoti ya GitHub, jukwaa la kuhifadhi msimbo wa programu, ambayo mwandishi wa safu hii ameirudia wiki hii. Tarehe 21 Oktoba 2018, mafundi wakibadilisha kifaa kibovu pwani ya mashariki ya Marekani, mtandao ulikatika kwa muda huo. Orchestrator, programu inayosimamia hifadhidata zao za MySQL, ikahamishia kazi ya seva kuu pwani ya magharibi. Kumbe seva za mashariki zilikuwa na data ambazo hazijanakiliwa upande wa pili, na magharibi nako zimeanza kuandikwa nyingine. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Huduma zilisuasua kwa saa 24 na dakika 11, kwa sababu wahandisi walichagua kuokoa data kabla ya kasi, uamuzi unaostahili heshima. Baadaye waliizuia Orchestrator kuvusha seva kuu kutoka kanda moja hadi nyingine. Mpangilio ulioiruhusu mashine kuhamisha seva kuu hadi ng’ambo ya bara bila idhini ya mtu ulikuwa wa hatari tangu mwanzo. Mnaopanga upya unakili wa hifadhidata za benki na hospitali zetu, amueni kwanza nani ana ruhusa ya kuhamisha seva kuu, na hadi wapi.