Jibu Sahihi Halitoshi



Mtoto akileta daftari la hesabu lenye majibu tu, bila njia, mwalimu mwema hafurahi upesi. Humwita mezani na kumpa hesabu ndogo mbili tatu, apate kuona mtoto anafikiri vipi. Pengine jibu la leo ni sahihi, lakini njia aliyoipita itampoteza kesho.

Siku hizi kuna mashine zenye tabia ya mtoto huyo. Ni kompyuta zinazopewa habari za maelfu ya watu na mambo yaliyowapata, nazo hujifunza zenyewe kukisia. Mara nyingi hukisia vizuri. Lakini ukiziuliza, "Kwa nini?" hazina neno. Ndani yake mna tarakimu nyingi mno, hata aliyeziunda hawezi kuzisoma akaelewa.

Sikilizeni yaliyotokea Marekani, katika mji wa Pittsburgh, miaka ya 1990. Wataalamu walitaka kuwasaidia waganga kujua ni mgonjwa gani wa nimonia aliye katika hatari ya kufa, ili alazwe, na ni yupi awezaye kutibiwa nyumbani. Walichukua habari za wagonjwa wa zamani, wakafundisha mashine za namna mbalimbali. Iliyoshinda kwa kukisia ilikuwa mojawapo ya hizo zisizosomeka, na aliyeifundisha ni Rich Caruana, wakati ule mwanafunzi wa chuo kikuu.

Lakini kwa habari zile zile ilifundishwa pia mashine nyingine nyepesi, ambayo huandika iliyojifunza kwa kanuni fupi: mtu akiwa na hili, basi hatari yake ni hii. Waliposoma kanuni hizo walishangaa. Mojawapo ilisema kwamba mgonjwa wa nimonia aliye na pumu, hatari yake ni ndogo kuliko ya wengine.

Nani kati yetu atakubali neno hilo? Pumu na nimonia vikikutana kifuani mwa mtu, ni hatari kubwa. Waganga wakafumbua fumbo. Wagonjwa wa namna hiyo walipofika hospitali, kwa kawaida walipelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha mahututi, wakatunzwa kwa bidii, na kwa ajili hiyo walikufa wachache. Mashine iliona kupona, haikuona matunzo. Kama ingefuatwa, wenye pumu wangerudishwa nyumbani, wakose yale yale yaliyokuwa yakiwaokoa.

Ile mashine yenye kushinda nayo yaelekea ilibeba kosa hilo hilo, ila haikuonyesha. Caruana akaona heri isitumiwe kwa wagonjwa. Kosa la pumu lingeweza kurekebishwa, lakini mengine yaliyofichika nani angeyajua? Mwaka 2015 yeye na wenzake walieleza habari za mashine inayosomeka, inayoonyesha kila jambo limeongeza au kupunguza hatari kiasi gani. Pumu ikaonekana tena, na pamoja nayo ugonjwa wa moyo na maumivu ya kifua, vyote eti vyapunguza hatari!

Siku hizi wataalamu hutengeneza pia vielelezo vyepesi vya kuiga mashine zisizosomeka, wapate kujua zinashika nini. Ni kazi njema. Lakini tukumbuke kwamba mchoro wa nyumba mchangani si nyumba yenyewe. Waweza kukuonyesha mlango, usikuonyeshe ufa. Penye uhai wa mtu, afadhali mashine ambayo yenyewe yasomeka.

Msiseme mambo haya ni ya mbali. Hata mikopo ya simu huku kwetu hupimwa kwa kompyuta. Basi, siku utakapoambiwa, "Mashine imesema," uliza kwa adabu: "Imetazama nini hata ikasema hivyo? Na ni nani aliyeikagua?" Kuuliza si ujinga.

Tuonane juma lijalo.