Bibi ana TB, mjukuu anacheza tu: dawa za nini?

Mama mmoja, msomaji wa safu hii, alinipigia simu wiki hii akiwa amekasirika kidogo. Mama mkwe wake anayeishi naye amegundulika kuwa na kifua kikuu, na mhudumu wa afya ameagiza mtoto wa miaka mitatu apelekwe kliniki. "Mtoto hakohoi, anakula, anacheza. Dawa za nini?"

Swali lake ni la haki. Jibu limo ndani ya mapafu.

Kwenye vifuko vidogo vya hewa mapafuni kuna seli za kinga zinazoitwa makrofaji. Kazi yake ni usafi na ulinzi. Vumbi au kijidudu kikiingia na hewa, seli hizi hukizingira na kukimeza. Vijidudu vingi huishia hapo, wala hatujui.

Kijidudu cha TB ni kikaidi. Kikishamezwa, mara nyingi hakifi. Huizuia makrofaji isikisage, kisha huishi na kuzaliana humo humo, kama mwizi aliyejificha kwenye kibanda cha mlinzi.

Kwa mtu mzima mwenye afya njema, seli nyingine za kinga huja kukizunguka na kukifungia. Kijidudu hulala, na wengi hawaugui maisha yao yote. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, kinga bado inakua na kizuizi hicho ni dhaifu. Kijidudu kinaweza kuponyoka kikasambaa haraka, hata kufika kwenye ubongo. Chanjo ya BCG anayopewa akizaliwa hupunguza hatari ya TB kali ya namna hiyo, lakini haizuii maambukizi yote.

Ndiyo maana mzazi usisubiri kikohozi. Kliniki watamchunguza kwanza mtoto. Akiwa hana ugonjwa, atapewa dawa za kinga, kwa kawaida kwa miezi 3 au 6 kutegemea aina ya dawa. Akiwa nao, ataanzishiwa tiba kamili. Usimgawie dawa za bibi, na usikatishe dozi kwa sababu anaonekana mzima.

Mrudishe kliniki mapema ukiona kikohozi kisichoisha kwa wiki 2, homa za mara kwa mara, uzito usioongezeka au mtoto aliyepoteza uchangamfu.

Na bibi je? Asitengewe sahani wala kikombe, kwani TB huenea kwa hewa, si kwa vyombo. Fungueni madirisha, afunike mdomo akikohoa, na kwa majuma ya mwanzo ya matibabu asilale chumba kimoja na mtoto. Akimeza dawa zake ipasavyo atapona.

Yule dada alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kesho asubuhi nikienda nitawakuta?"

Utawakuta, dada. Nenda na kadi ya kliniki ya mtoto.