Mchoraji Naye ni Shahidi

Toleo hili tumewapa wachoraji wa watu: wanaochora nyuso, sare za askari, umati barabarani. Wapo wasomi wanaoidharau kazi hiyo, wakisema ni mapambo ya sebule tu. Nawapinga, na hoja yangu ni Tshibumba Kanda Matulu.

Alizaliwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1947. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akawauzia watu wa mishahara midogo. Mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu huko, akaanza kumchorea historia ya Zaire, tangu zama za mababu hadi Mobutu. Zilipatikana picha zaidi ya mia moja, na Tshibumba akazisimulia kwa Kiswahili cha Katanga. Alijihesabu mwanahistoria, na alistahili jina hilo.

Tazameni alivyomchora Lumumba, aliyewahi kuwa karani wa posta hapa kwetu Kisangani, enzi mji ukiitwa Stanleyville. Alipouawa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na wenzake Mpolo na Okito, wauaji waliiyeyusha miili kwa tindikali. Walitaka pasibaki kitu cha kuzika wala cha kuonyesha. Tshibumba aliwarudisha wote watatu kwenye kitambaa: wamelala chini, misalaba mitatu nyuma yao, na damu ya ubavuni mwa Lumumba inaandika ardhini neno “umoja” kwa Kifaransa. Familia nyingi ziliitundika picha ya Lumumba ukutani miaka mingi kabla ya jino lake, mabaki pekee, kurudishwa na Ubelgiji na kupitishwa Kisangani mwezi Juni 2022. Hiyo ni kazi ambayo hati za serikali hazikuifanya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba alitoweka, na mpaka leo hajulikani alipo. Mkusanyiko wake mkubwa uko Amsterdam, katika jumba la makumbusho la Wereldmuseum, lililoitwa Tropenmuseum hadi 2023. Inauma.

Nasi tuna historia yetu ya kuchorwa. Mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji huu, na waliozikwa walikuwa majirani zetu. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini, yakiwemo ya siku zile sita. Fidia ni haki, idaiwe na iwafikie wenyewe. Lakini fidia haimwonyeshi mtoto aliyezaliwa baadaye jinsi mama zetu walivyolala chini ya vitanda mabomu yakianguka. Mchoraji anaweza kumwonyesha, mradi walioona wakae naye wamsimulie wangali hai.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji wa Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo, Lubunga na komini ya Kisangani: ikiwa una picha ya zamani ukutani, tuandikie nani aliichora, mwaka gani, na inasimulia nini. Tutaichapisha pamoja na maneno yako.