Vijisenti tulivisikia Bariadi kwanza

Mlimcheka Mitt Romney, mwanasiasa wa Marekani, kwa kusema malipo yake ya kuhutubia, zaidi ya dola 370,000, hayakuwa mengi? Sisi wa Bariadi tulitangulia. Mwaka 2008 mbunge wa Bariadi Magharibi, Andrew Chenge, akiwa Waziri wa Miundombinu, aliulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni moja kwenye akaunti yake kisiwani Jersey. Akaziita vijisenti. Aprili hiyo hiyo akaachia uwaziri, ingawa hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa fedha hizo.

Watu wa Dar hupenda kuishia hapo. Hawasemi kwamba 2010 tulimrudisha bungeni, na 2015 tena, wakati sakata la fedha za akaunti ya Escrow na ile shilingi bilioni 1.6 aliyoingiziwa bado ni mbichi. Wakatuita wajinga. Jamani, huku hata John Cheyo wa chama cha UDP aligombea urais 1995 akiahidi kujaza watu mifuko, akabatizwa Bwana Mapesa, na jina hilo hakuna aliyeliona tusi! Utajiri wa mgombea hautuudhi. Wengi huhesabu kwamba mwenye nazo atachangia msiba, bati za shule, ada ya mtoto wa jirani.

Kinachouma ni dharau. Nenda msimu wa pamba ukamwone mzee amesimama kwenye mzani wa chama cha ushirika, AMCOS, anabishana na karani juu ya kilo mbili, halafu umwambie habari za vijisenti.

Chenge alikosa tiketi ya CCM 2020. Jersey ilikuwa imeshasahaulika.