Hakipatikani, au Kiliondolewa?

Sentensi yaweza kuwa ya kweli leo na ya uongo kesho pasipo kubadilika hata herufi moja. "Ukibofya kitufe hiki, orodha hufunguka." Aliyeiandika hakudanganya. Siku alipoiandika, kitufe kilikuwapo na orodha ilifunguka. Baadaye watengenezaji wa programu wakaamua kwamba kitufe hicho kina watumiaji wachache, au kinawapa wezi upenyo, au hakuna tena fundi wa kukitunza, wakakiondoa. Programu ikatolewa upya. Sentensi ikabaki palepale katika mwongozo, kwa lugha safi na nukta yake mwishoni, ikimwelekeza msomaji mahali ambapo hapana kitu.

Huenda baadhi yenu mkauliza miongozo ya kompyuta imeingiaje katika baraza la washairi. Imeingia kwa mlango wa mbele. Wanaoitwa kuitafsiri na kuihariri kwa Kiswahili ni sisi: walimu wa lugha, wahariri, watunzi wenye sifa ya kujua msamiati. Tunapewa kazi mara moja, tunashukuriwa, tunaagana. Mwaka unaofuata programu inapunguziwa vipengele vitatu, na hakuna anayetuita tena. Tafsiri huwa na siku ya uzinduzi. Marekebisho ya tafsiri hayana. Rai yangu ni kwamba kueleza kilichoondolewa kunahitaji ustadi mkubwa kuliko kueleza kilichoongezwa, na kwamba Kiswahili kina zana kamili za kazi hiyo, ila tunaziacha sandukuni.

Tukitazame kwanza kiambishi hu-. Hakichukui nafsi, hakitaji wakati, wala hakina kikomo. Ndicho kiambishi kinachopendwa na methali: mchumia juani hulia kivulini, jana na leo, na hata wajukuu wetu watakapokuwa wazee. Miongozo yetu imejaa hu-. Programu huhifadhi, dirisha hufunguka, ujumbe huonekana. Kila amri imevikwa joho la milele lililoshonwa kwa ajili ya jua na mvua na tabia za wanadamu, ilhali kitufe cha kompyuta hakina hata miaka kumi ya kuishi. Sisemi kiambishi hicho kipigwe marufuku. Nasema kisiachwe peke yake. "Katika toleo la 63, ukibofya hapa orodha hufunguka" ni sentensi isiyoweza kugeuka kuwa uongo, kwa kuwa imetaja mipaka ya ukweli wake.

Nambari hiyo ya 63 sikuiokota njiani. Wasomaji wa siku nyingi wa blogu watakumbuka kwamba kivinjari cha Firefox kilikuwa na kitu tunachoweza kukiita alamisho hai. Uliiwekea blogu uipendayo alamisho, na kila makala mpya ilipotoka, kichwa chake kilijitokeza katika orodha bila wewe kuizuru blogu yenyewe. Katika toleo la 64, lililotoka Desemba 2018, kipengele hicho kiliondolewa. Kwa mpenzi wa mashairi aliyekuwa na blogu ishirini katika orodha yake hilo halikuwa jambo dogo. Hata hivyo kazi ya kuaga ilifanywa kwa adabu: kivinjari kiliihifadhi orodha ya mtumiaji katika faili na kuiweka mbele ya macho yake kwenye kompyuta, nao ukurasa wa msaada ukaeleza kwamba kipengele kimeondolewa, tangu toleo gani, faili lile ni la nini, na mtu anayetaka kuendelea kufuatilia makala aelekee wapi. Ukurasa wa zamani haukufutwa kimyakimya, wala haukuachwa uendelee kufundisha jinsi ya kutumia kisichokuwapo.

Miongozo mingi ya Kiswahili ninayoletewa niipitie huangukia katika mojawapo ya makosa hayo mawili, na la pili ndilo baya zaidi. Nitasimulia niliyoyaona. Nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa la kidato cha pili, nikimkagua mwalimu-mwanafunzi katika mazoezi ya kufundisha. Somo lilikuwa la kuandika programu kwa lugha ya Python, na kijana yule alikuwa na kitini kilichorithiwa kutoka mkono hadi mkono. Kitini kiliagiza kwamba ili kompyuta iandike salamu kwenye kioo, uandike neno print, kisha salamu yako ndani ya alama za kunukuu. Ndivyo ilivyokuwa katika Python 2. Python 3, iliyotoka Desemba 2008, iliuondoa uandikaji huo na kudai mabano. Nayo Python 2 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Wanafunzi wakaandika kama walivyoelekezwa, kompyuta zikakataa. Msichana mmoja akainua mkono na kuuliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Hakuwa amekosea popote. Hata kompyuta haikuwa na lawama: ujumbe wake ulisema mabano yamekosekana, ukamuuliza kama alikusudia kuyaweka. Ni ujumbe mzuri kuliko masahihisho mengi yanayoandikwa kwa kalamu nyekundu. Lakini ulikuwa kwa Kiingereza cha mafundi, na karatasi ilikuwa mkononi mwake. Baina ya mashine na karatasi iliyotoka kwa mwalimu, mwanafunzi wetu huiamini karatasi. Na karatasi inaposhindwa, hujilaumu mwenyewe. Hiyo ndiyo hasara ninayoizungumzia. Kitini kilichopitwa hakipotezi dakika kumi za kipindi tu. Kinamfundisha mtoto kwamba hana akili ya kompyuta.

Sasa nije kwenye kitenzi, maana hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza. Mhariri akishatambua kwamba kipengele hakipo, huandika nini? Mara nyingi huandika "Kipengele hiki hakipatikani." Sentensi ni sanifu, na inapotosha. Kauli ya kutendeka, kama tulivyowafundisha wanafunzi wetu kwa mifano ya sahani iliyovunjika na sahani iliyovunjwa, humficha mtenda. Sahani iliyovunjika imejivunjikia tu. Iliyovunjwa ina mtu wa kuulizwa. Msomaji anayeambiwa kitu hakipatikani hufikiri kwamba kipo mahali pengine: labda kifurushi cha intaneti kimekwisha, labda simu yake ni duni, labda ajaribu kesho. Ataendelea kukitafuta. Anayeambiwa kiliondolewa huacha kutafuta, na papo hapo huwa na haki ya kuuliza kiliondolewa na nani, lini, na kwa sababu gani. Kiambishi kimoja cha kutendwa kinamrudishia msomaji heshima yake.

Nyakati nazo zina kazi. "Kimeondolewa" hufaa katika tangazo la toleo jipya, wakati jambo lingali bichi na athari yake inaonekana. Katika mwongozo utakaosomwa kwa miaka mitano, nachagua "kiliondolewa katika toleo la 64", kwa sababu -li- hudai tarehe, na anayeitumia bila tarehe huonekana mara moja kuwa hakumaliza sentensi yake. Kisha yupo "kilichokuwapo", kitenzi-rejeshi kinachoweza kubeba historia nzima katika neno moja. Kuna lugha zinazohitaji kishazi kirefu kusema hivyo.

Anayetaka kuona kazi hii ikifanywa vizuri aitazame Python hiyohiyo. Katika toleo la 3.13, lililotoka Oktoba 2024, moduli 19 za zamani ziliondolewa kwenye maktaba yake ya msingi. Waandishi wa pendekezo la kuziondoa waliziita betri zilizokufa, kwa kuwa lugha hiyo ilijisifu tangu zamani kwamba huja na betri zake ndani. Mojawapo ni cgi, iliyosaidia tovuti kupokea maneno ambayo mgeni ameyajaza katika fomu. Ukiufungua ukurasa wake leo hukuti maelezo ya matumizi, wala hukuti ukuta mtupu. Unakuta maneno machache: moduli hii si sehemu ya maktaba tena, iliondolewa katika toleo la 3.13 baada ya kutolewa ilani katika toleo la 3.11, uamuzi uliandikwa katika waraka fulani, toleo la mwisho kuwa nayo ni 3.12. Ndivyo ulivyo ule ubao wa majina ya wakuu waliopita katika ofisi ya mkuu wa shule: jina, mwaka wa kuanza, mwaka wa kumaliza. Hakuna anayepeleka malalamiko kwa aliyeandikwa ubaoni, lakini mzazi aliyekuja akimuulizia haambiwi kwamba hapajawahi kuwa na mtu wa jina hilo.

Nimesikia pingamizi kwamba mtindo huo utageuza mwongozo kuwa makaburi. Lina uzito. Mgeni anayejifunza leo hana haja ya kusimuliwa kila kilichokufa kabla hajafika, nami nisingependa sura ya kwanza ijae maombolezo. Mistari minne iwekwe pale tu ambapo msomaji wa zamani atafikia akifuata kiungo cha zamani. Lakini wanaotoa pingamizi hilo husahau jambo moja la kwetu. Kipengele kikiondolewa katika toleo jipya, hakiondoki siku hiyohiyo katika kompyuta zote. Zipo shule zenye mashine za msaada ambazo haziwezi kubeba toleo jipya, na zipo ofisi ambazo kusasisha programu kunangoja bajeti ya mwaka ujao. Kwa watu hao maelekezo ya kale ndiyo maelekezo ya kweli. Ukiyafuta umewanyang'anya mwongozo wao. Ukiyaacha bila nambari ya toleo umewapotosha wengine. Yawekewe nambari, basi, kila mmoja ajue ameketi upande gani.

Kwa watunzi, ugumu wa kuondoa sehemu ya mwongozo si jambo geni. Mnalijua shairi la pindu, ambalo maneno yanayofunga ubeti ndiyo yanayofungua ubeti unaofuata. Jaribu kutoa ubeti wa nne: wa tano utabaki ukirudia maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Mwongozo umefumwa vivyo hivyo. Sura ya pili inasema "kama tutakavyoona", sura ya tisa inasema "ile orodha tuliyoitaja", picha moja ina mshale unaoelekeza kwenye kitufe kilichokufa, na faharasa ina neno linalotaja ukurasa usiokuwapo. Anayekata sura moja na kuondoka amevunja mkufu. Mimi nikipewa kazi hii huanza na jina la kipengele, nikalitafuta katika maandishi yote, kisha nikayatafuta majina yake ya utani, maana wafasiri watatu waliopita huenda walikiita alamisho, kialamishi na kumbukumbu. Kutokubaliana kwetu juu ya istilahi, ambako hapa tunakufurahia kama mchezo, huwa gharama siku ya kuondoa kitu.

Kuna pia mashine inayotusaidia, na inafaa kuijua tabia yake. Mfumo wa gettext, unaotumika katika programu nyingi huria, huweka kila sentensi ya asili na tafsiri yake chini yake. Asili ikibadilishwa kidogo, kwa mfano ikipunguziwa kipengele kilichoondolewa, mfumo huitia tafsiri ya zamani alama ya mashaka. Kwa kawaida tafsiri yenye mashaka haimfikii msomaji mpaka mtu aikague. Msomaji huonyeshwa sentensi ya Kiingereza. Ndiyo maana unaweza kukuta ukurasa wa Kiswahili wenye mabaka ya Kiingereza kama ukuta uliobanduka rangi. Wengi hudhani mfasiri alichoka njiani. Huenda alimaliza kazi yote miaka mitatu iliyopita, na baada ya hapo hakuna aliyelipwa kurudi. Napenda uamuzi huo wa mfumo: afadhali baka kuliko uongo.

Sentensi ya asili ikifutwa kabisa, tafsiri yake hupelekwa mwisho wa faili, ikiwa na alama ya reli na kistari cha wimbi mbele yake, na humo hungoja. Sentensi ikirudishwa siku moja, tafsiri huweza kufufuliwa. Wahariri wengine huyafagia masalia hayo ili faili lipendeze. Nawasihi wasifanye hivyo. Humo ndani mna maneno ambayo watu walikesha wakiyatafuta.

Limebaki neno moja linaloninyima usingizi. Kabla ya kuondolewa, kipengele hupita kipindi ambacho bado kinafanya kazi lakini watumiaji wanaonywa wakiache. Kwa zile moduli 19 kipindi hicho kilianza mwaka 2022 kikaisha mwaka 2024. Tukiite nini? "Kimepitwa na wakati" ni hukumu, tena yaweza kusemwa juu ya kitu chochote. "Kimeachwa" si kweli, kwa kuwa watu bado wanakitumia. "Kimestaafu" kilinichekesha, na nina sababu zangu za kukataa: mstaafu haingii darasani kila asubuhi. Kwa sasa naandika "kimepewa notisi", kama mpangaji ambaye bado analala chumbani mwake ila amekwisha kuambiwa mwezi wa kuhama. Nimekwisha kuambiwa na rafiki mmoja kwamba notisi ni neno la mwenye nyumba, halifai katika lugha ya kitaaluma, na kwamba niseme "kimetolewa ilani", kama nilivyofanya hapo juu nilipokuwa nikiueleza ukurasa wa cgi. Nimezijaribu zote mbili kwa sauti. Ilani ina adabu zaidi, lakini haina tarehe ya kuhama.